Nyuzi za Manjano Tumboni mwa Fukusi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya wadudu lilikuwa kuiona mirija ya mkojo ya fukusi nikaiita minyoo. Likisemwa hivyo halina uzito. Mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya, mwalimu akacheka, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, siku ikaisha. Mimi sikuwa na mwalimu. Nilijisahihisha mwenyewe, kimyakimya, na ukimya huo ndio uliomfungia Mama Firmina mlango wa mgahawa wake. Mwezi uliopita tulimzika kijijini Bonga. Nilikaa chini ya turubai pamoja na wanaume wengine, kila mtu na sahani yake magotini, na mzee mmoja nisiyemfahamu akamwuliza mwenzake marehemu alikuwa nani hasa. "Si yule mama lishe wa zamani, pale karibu na soko," mwenzake akasema, "yule ugali wake ulikutwa na minyoo." "Aa, huyo!" mzee akasema, wakaendelea kula. Sentensi ile niliitunga mimi, miaka mingi iliyopita, na sasa nilikuwa naisikia ikisemwa na mtu ambaye hakunijua, juu ya mtu ambaye hakumjua, kama vile mtu anavyotaja rangi ya nyumba. Niliwaambia haikuwa minyoo. Mzee akanitazama kwa ule upole wa msibani, akasema, "Basi yalikuwa maneno ya watu tu, ndugu yangu," kisha wakazungumzia mvua iliyochelewa. Sikuweza kumlaumu. Maelezo yangu yanahitaji muda mrefu kuliko ule wa kumaliza sahani ya wali na maharage. Yanahitaji mtu aingie mdomoni mwa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, atembee mle ndani taratibu, atokee upande wa pili. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Ulikuwa mwaka ule Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Mtu ambaye hakuwepo hawezi kujua jinsi neno "mkoa" lilivyokuwa tamu midomoni mwetu. Watu waliwatoa mbuzi kwenye mabanda, wakapaka kuta chokaa, wakayaita mabanda hayo vyumba vya watumishi. Fundi aliyekuwa akitengeneza vitanda vya kamba alianza kutengeneza meza za ofisi kabla hajaona ofisi yenyewe. Kila mazungumzo yaliishia na "mkoa ukikaa sawa": mkoa ukikaa sawa tutapata maji, mkoa ukikaa sawa kijana wangu atapata kazi. Mimi pia nilikuwa na "ukikaa sawa" yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyonipeleka popote, nikawa nauza misumari, mbegu na majembe katika duka la Mzee Athumani, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye hadi leo ndiye mtu pekee niliyemsikia akiita Babati "huku bara" huku amezaliwa humo humo. Nilipanga chumba cha uani nyuma ya duka, chenye dirisha dogo la mbao, kitanda, na meza niliyoipiga msasa mara nyingi mno hadi mguu mmoja ukawa mfupi. Nilitaka kazi katika ofisi ya kilimo ya mkoa mpya. Sikuwa na cheti cha kuniingiza, kwa hiyo nilikuwa nimeamua nitaingia kwa kujua kitu ambacho wenye vyeti hawakijui.

Kitu hicho kilikuja dukani ndani ya boksi. Mzee Athumani alinunua kwa jumla vifaa vya zahanati moja iliyofungwa, akauza vitanda na mabeseni, akabakiwa na hadubini ya shaba na chuma ambayo hakuna aliyeitaka. Aliiweka dirishani kando ya mizani ili wateja waione. Nilimwomba niitumie mchana, wakati duka limepoa, na akakubali kwa sharti kwamba mteja akiingia ninyanyuke. Ilikuwa na kioo kidogo chini, cha kunasa mwanga wa jua na kuurusha juu, hivyo haikuhitaji umeme. Niliiweka kwenye kizingiti cha mlango wa uani na huko ndiko nilikojifunza nilichojifunza. Nilijua jambo moja tu la kuanzia: mchoro wa tumbo la mende kutoka kitabu cha baiolojia cha sekondari. Niliujua kwa kichwa. Niliuchora usiku na mchana, na mstari ukitetemeka nilichana karatasi nikaanza upya, si kwa sababu mtu angeuona bali kwa sababu nisingeweza kulala huku nikijua kuna mstari uliotetemeka chumbani. Nilikuwa kijana wa namna hiyo. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa, na mtu anayeogopa kukosea kiasi hicho, nimekuja kuelewa, hawi mwangalifu. Anakuwa mwoga tu, mwenye mikono misafi.

Chakula cha mchana nilikula kwa Mama Firmina. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja chenye benchi nne na jiko la nyuma, na ulijulikana kwa ugali wa dona, perege wa ziwani, na mlenda ambao watu wa kutoka Arusha walijifanya hawaupendi kisha wakaomba waongezewe. Tofauti na wenzake, hakununua unga. Alinunua mahindi kijijini Sigino, akayaanika kila asubuhi kwenye turubai mbele ya mlango, akayapepeta hapo hapo wateja wakimwona, ndipo yaende mashineni. "Anayekula kwangu ajue anakula nini," alisema. Mwezi wa Kwaresima mahindi ya msimu uliopita huwa yamekaa sana stoo, kwa hiyo jua lilipopanda fukusi walianza kutoka kwenye punje na kukimbilia kivulini, weusi, na pua zao ndefu. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna stoo Babati ambayo haikuwa nao miezi ile. Wengine waliwaficha fukusi wao ndani ya gunia. Yeye aliwafukuza hadharani. Nilikuwa nikipita na kikopo.

"Shikamoo, Mama Firmina."

"Marahaba, Dokta. Leo umekuja kula au kuwinda?"

"Vyote viwili."

"Wachukue wote. Hao wanakula kwangu asubuhi, mchana na jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia asante."

Aliniita Dokta kwa utani, lakini alinipakulia kama daktari. Nilipokosa hela alisema, "Kula, mkoa ukikaa sawa utanilipa."

Kumfungua fukusi si kazi ya nguvu. Nilimlaza ndani ya kifuniko cha kopo nilichomimina nta ya mshumaa, nikamfunika kwa maji yenye chumvi kidogo, nikainua mbawa ngumu za juu kwa sindano iliyochomekwa kwenye kijiti cha kiberiti, kisha nikachana ngozi laini ya mgongo. Ndani kulikuwa na njia moja ndefu. Ilianza na umio mwembamba kama uzi wa buibui uliopita ndani ya kichwa na shingo, ikapanuka kuwa gole dogo, mfuko wa kuweka chakula, lililojaa uji mweupe wa mahindi, halafu ikabanwa na kitu kigumu. Nilipokipasua kitu hicho nilikaa chini. Ilikuwa firigisi. Kuku anasaga kwa mawe aliyomeza, lakini fukusi amezaliwa na meno humo humo tumboni: vibamba vimepangwa kwa duara, kila kimoja na safu za miiba iliyoelekea ndani, kama viganja vinavyotaka kufumba. Baada ya firigisi ulikuja utumbo wa kati, mpana mwanzoni, kisha mwembamba na umeota vifuko vidogo vidogo pande zote kama machipukizi. Kisha utumbo wa nyuma, na mwisho wa safari. Yote haya niliyatambua, maana yalifanana vya kutosha na mende wangu wa kitabuni. Lakini pale utumbo wa kati ulipokwisha na wa nyuma kuanza, nilikuta nyuzi za manjano. Zilikuwa ndefu kuliko mdudu mwenyewe, zimejiviringa kila upande, na ncha zake zilikuwa zimezama kwenye ukuta wa utumbo wa nyuma kana kwamba zinaunyonya. Na zilikuwa zinatikisika.

Mende wa kitabuni ana kishungi cha nywele pale, nyingi, nyembamba, zilizoelea bila kushika kitu. Hizi hazikuwa nywele, wala hazikuelea. Zilikuwa chache na nene, na zimeng'ang'ania kwa ncha. Nilikuwa nimeuchora mchoro ule mara nyingi sana kiasi cha kuamini kwamba kisichofanana nao si sehemu ya mdudu. Nilimfungua mwingine, nikazikuta. Wa tatu, nikazikuta. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema: ikiwa kila mmoja anazo, basi ni zake. Mimi nilisema: wote wameambukizwa. Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Nakumbuka Mzee Athumani akiita kutoka ndani kwamba kuna mteja wa bawaba, na mimi nikimpimia mteja yule bawaba huku nikitabasamu kama mtu aliyeposa.

Siku zile wageni wa ofisi mpya walikuwa wameanza kula kwa Mama Firmina. Mmoja wao aliitwa Bwana Kiangi, karani wa utawala katika ofisi moja, mtu wa shati jeupe aliyekunja leso na kuiweka ndani ya kola ili jasho lisiguse. Ilijulikana kwamba ofisi yake inatafuta mtu wa kuwapikia watumishi na wageni wa mikutano, na ilijulikana pia kwamba Bwana Kiangi anampenda Mama Firmina kwa mapishi. Alikuwa ameshamwambia atampendekeza na uamuzi utatolewa baada ya Pasaka. Mama Firmina alikuwa amepaka ukuta rangi ya bluu, akakopa sufuria kubwa mbili kwa dada yake, na akaanza kumwita kila mtumishi "mheshimiwa," hata madereva. Mimi nilikuwa nikisubiri nafasi ya kukaa benchi moja na Bwana Kiangi. Siku nilipoipata, tulikuwa watu sita au saba, sahani zimeshafika, na yeye ndiye aliyeanza.

"Kijana, wewe si ndiye yule wa kuchungulia wadudu pale dukani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umeona nini cha maana?"

Ningeweza kumweleza habari za firigisi yenye meno. Ilikuwa kweli, na ilikuwa ya ajabu kutosha. Lakini nilitaka akumbuke jina langu.

"Minyoo," nilisema. "Ndani ya fukusi. Kila niliyemfungua anayo."

"Fukusi wa wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Ningesema wa Babati, wa kila mahali, na maneno yangepotea hewani. Niliinua kidevu kuelekea turubai lililoanikwa mahindi mlangoni.

Dereva mmoja akatazama sahani yake. "Basi leo tumepewa mboga mbili kwa bei ya moja," akasema, na benchi zima likapasuka kwa kicheko. Bwana Kiangi hakucheka. Aliliweka tonge lake pembeni mwa sahani, taratibu, akanawa. Kutoka jikoni Mama Firmina alichungulia, uso umeloa mvuke, naye anacheka kwa sababu sisi tunacheka. "Mnafurahi nini bila mimi, waheshimiwa?" akauliza. Mimi nilikuwa nikijiona mkubwa.

Kwanza ilikuwa utani. "Mama, nipe ugali, minyoo weka pembeni," walimwambia, na yeye akadhani ni msemo mpya wa mjini, akajibu, "Hapa hatupimi, tunajaza." Kisha benchi zikaanza kuwa na nafasi. Watumishi walihamia kwa mama mwingine upande wa stendi, ambaye alinunua unga uliokwishasagwa na kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwona na fukusi. Wafanyabiashara wa sokoni nao wakafuata, maana mtu hapendi kula mahali ambapo watu wa ofisi wamepakimbia. Wiki ya mwisho ya Kwaresima Mama Firmina aliingia dukani, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana. Alikuwa na pakiti tatu za karatasi mkononi. Nilidhani amekuja kunitukana na nikashika ukingo wa kaunta.

"Dokta," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "wanasema wewe ndiye uliyeona."

"Niliona kitu, Mama."

"Sikulaumu. Kama kipo, kipo." Akazipanga pakiti mbele yangu. "Hawa wa kwangu. Hawa nimewatoa sokoni kwa watu wengine. Hawa nimemwomba Mama Yohana wa Sigino, stoo yake haijawahi kuchanganywa na yangu. Angalia tena. Ofisi wataamua baada ya Pasaka. Ukiona si kweli uniambie tu, hata ikiwa jioni, niende mwenyewe nikawaambie."

Mzee Athumani alipiga chafya nyuma ya magunia. Harufu ya spiriti niliyokuwa nikihifadhia wadudu ilikuwa imejaa duka. "Mama Firmina," akasema, "ukimaliza na huyu unisaidie kumwambia kwamba wanaume wanaotoka swala wakipita mlangoni kwangu wananitazama kama nimeanza kunywa." Mama Firmina alicheka kweli, na nilimshukuru Mzee kimoyomoyo kwa kunipa mahali pa kutazama.

Niliwafungua wote. Wa kwake kila mmoja alikuwa na nyuzi sita. Wa sokoni sita. Wa Sigino sita. Minyoo haigawani watu kwa haki namna hiyo: mmoja huwa na mingi, mwingine hana kabisa. Nilijua pale pale, sindano ikiwa mkononi, kabla sijafanya kitu kingine chochote. Lakini kujua hakukunitosha, nilitaka kuona. Nilichukua utumbo mzima ukiwa na nyuzi zake, nikaukausha kwa spiriti, nikauzamisha katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, nikaiacha igande, kisha nikakata vipande vyembamba kwa wembe mpya kama mtu anayekata kitunguu akiwa amebana pumzi. Rangi ilikuwa GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, kutoka duka la dawa. Vipande vingi vilichanika. Kilipopatikana kimoja kilichokuwa mviringo kamili, nilikiweka chini ya lenzi na kugeuza kioo hadi jua likanaswa.

Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kama kile. Ukuta wa utumbo wa kati ulikuwa seli ndefu zilizosimama bega kwa bega, kila moja na kiini chake cha zambarau katikati, na upande wa ndani kila moja ilikuwa na ukingo wa nywele fupi mno, sawasawa, kama zulia. Chini yao, kwenye mizizi, kulikuwa na viota vya seli changa zilizobanana, zikisubiri zile kubwa zichakae ili zipande kushika nafasi. Nje kulikuwa na nyuzi za misuli, zingine zimezunguka, zingine zimelala kwa urefu, na misuli hiyo, ikiendelea kujikunyata hata baada ya mdudu kufunguliwa, ndiyo iliyokuwa ikizitikisa nyuzi zangu za manjano. Katikati, uji wa mahindi haukugusa seli kabisa. Ulikuwa umefungwa ndani ya utando mwembamba, mfuko ndani ya mfuko, ili makombo makali yasikwaruze. Utumbo wa nyuma ulikuwa tofauti, seli fupi, na ndani umetandikwa ngozi ngumu ile ile ya nje ya mdudu, kana kwamba nje ilikuwa imeingia ndani kupitia mlango wa uani. Na kando ya hayo yote, duara dogo: uzi wa manjano, umekatwa. Mnyoo ungekuwa na ngozi yake, misuli yake, tumbo lake mwenyewe. Huu haukuwa na lolote. Ulikuwa seli chache kubwa zilizozunguka tundu, na katika kipande kimoja, kimoja tu kilichokuwa kizima, tundu hilo lilifunguka moja kwa moja ndani ya utumbo. Ulikuwa mrija. Ulikuwa unatoa uchafu wa damu na kuumwaga utumboni, kazi ya figo. Ncha zake zilikuwa zimezama kwenye utumbo wa nyuma ili, nilikuja kusoma baadaye, kurudisha maji yasipotee, maana mdudu anayeishi ndani ya punje kavu hana pa kunywa. Sikuwa nimeona ugonjwa. Nilikuwa nimeona jinsi kiumbe kinavyoishi bila maji.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu lazima niseme pia kwamba nilikuwa na furaha. Ndilo jambo linaloniumiza zaidi. Ilikuwa mchana, ilikuwa bado wiki ya mateso, ofisi ilikuwa wazi, na Mama Firmina alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, akipepeta mahindi ambayo hakuna aliyekuwa akiyala. Ningeweza kutoka na wembe mkononi. Badala yake nilitazama kipande kile na kuona kwamba upande mmoja umepasuka kidogo. Nikajiambia nikimwonyesha mtu kama Bwana Kiangi kitu kilichopasuka atasema kijana huyu anababaisha, juzi minyoo, leo mirija. Nikajiambia nitakata kingine kizuri, nitachora, ndipo niseme mara moja na kwa usahihi. Nilikuwa tayari kukiri kosa, lakini nilitaka kukiri kwangu kusiwe na kosa.

Aliniuliza siku ya Alhamisi Kuu, nilipopita na kikopo kitupu.

"Bado nachunguza, Mama," nilisema.

"Chunguza vizuri, mwanangu," akasema. "Usiharakishe kwa ajili yangu."

Aliniuliza tena baada ya Pasaka, na nikajibu vile vile, na ilikuwa kweli kwa namna ambayo uongo mbaya huwa kweli: nilikuwa bado nakata, bado nachana karatasi. Wiki hiyo hiyo ofisi ya Bwana Kiangi ilimpa kazi mama wa stendi. Nilisikia kwa mteja aliyekuja kununua kufuli. Mchoro wangu ulikamilika siku mbili au tatu baadaye. Ulikuwa safi kupindukia, wino mweusi, kila sehemu na jina lake, kutoka mdomoni hadi mwisho, na mirija sita imepakwa rangi ya manjano kwa penseli.

Nilimkuta ameketi jikoni, sufuria mbili za dada yake zimegeuzwa juu chini zikisubiri kurudishwa. Nilimweleza kila kitu. Si minyoo, ni kama figo, kila fukusi duniani anayo, mahindi yake hayakuwa na tofauti na ya mtu mwingine yeyote. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akapangusa mikono kwa kanga, akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Mzuri," akasema. "Umeuchora wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna mahali ulipofuta."

"Niliyofuta nilichana."

Alitikisa kichwa polepole, macho bado kwenye karatasi. "Na ulijua lini kwamba si minyoo?"

Nilijua anachouliza. Nilitamani aniulize chochote kingine.

"Kabla ya Pasaka."

"Siku ile ya Alhamisi, uliponiambia bado?"

"Nilikuwa najua."

Hakupandisha sauti. Alikunja karatasi, akanirudishia. "Ungekuja na maneno matupu, Danieli," akasema. "Mimi ningetosheka na maneno matupu. Hata wao wangetosheka. Walikuwa wameamini maneno matupu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Kisha akauliza kama nimekula, nikasema nimekula, na haikuwa kweli.

Nilikwenda pia kwa Bwana Kiangi na mchoro ule. Aliutazama kwa heshima, akaniambia nina kipaji, akaniuliza kama ninaweza kumchorea ramani ya kiwanja. Kuhusu Mama Firmina alisema, "Sasa nikamwambie nani, kijana? Mwenzake ameshaanza, na watu wanashiba." Nilimwomba angalau awaambie wenzake mezani. Akasema atawaambia. Sijui kama aliwaambia, na sikukaa benchi moja nao niwaambie mwenyewe, ingawa nilijua wanakula wapi na saa ngapi. Nilipita mbele ya mlango ule mara kadhaa. Nilisikia vicheko vyao. Nilikuwa naogopa wataniuliza swali ambalo jibu lake silijui.

Kabla ya mavuno mapya Mama Firmina alirudisha ufunguo wa chumba kile cha bluu akahamia Bonga, akawa anauza maandazi na chai kando ya barabara ya Dodoma. Biashara ilimlisha lakini haikuwahi kuwa mgahawa. Nilipopita kule alinipa chai, aliniitikia shikamoo yangu, aliniuliza habari za kazi, na hakuwahi kutaja fukusi tena. Niliwahi kudhani huo ni msamaha. Sasa nadhani alikuwa amechoka tu, na alikuwa na maandazi kwenye mafuta.

Ofisi ya kilimo haikunichukua mwaka ule. Nilichukuliwa miaka kadhaa baadaye, mahali pengine na kwa njia nyingine, na sasa nafundisha wakulima jinsi ya kutunza mahindi stoo. Ninapokosea mbele yao nasema nimekosea pale pale, chaki ikiwa bado mkononi, hata kama sijajua bado kilicho sahihi ni kipi. Sifanyi hivyo kwa urahisi. Lakini nasema. Hilo ndilo lililobadilika, na lilibadilika kwangu tu. Mama Firmina hakupika tena mjini.